Haroun Tazieff: kutoka migodi ya Katanga mpaka serikali ya Ufaransa

Mitwaba, neno "hameni" halihitaji kuelezwa. Miaka ya 2005 na 2006, vita kati ya jeshi na Mai-Mai vilimaliza vijiji vingi katikati ya Mitwaba, Manono na Pweto, sehemu ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo. Maelfu walitembea kwa mguu, watoto mgongoni na sufuria kichwani, wakitafuta pa kulala. Wengi hawakungoja amri ya mtu yeyote, maana mlio wa bunduki uliwatosha.

Lakini kuna kuhama kwa namna nyingine. Mkubwa wa serikali anasema kwenye redio: ondokeni leo, wataalamu wamesema mlima utalipuka. Hapo hakuna bunduki wala moshi unaoonekana mlangoni. Kuna neno la mtaalamu tu. Huyo mtaalamu anajuaje? Akikosea, nani analipa?

Haroun Tazieff alitumia karibu maisha yake yote akihangaika na swali hilo. Alianza kazi hapa Katanga, kwenye migodi. Akamaliza akiwa mjumbe wa serikali ya Ufaransa, mwenye kazi ya kuzuia majanga yasiwaue watu. Katikati, aligombana na wataalamu wenzake mbele ya dunia nzima kwa sababu ya watu zaidi ya 70,000 walioambiwa waache nyumba zao.

Mtoto wa vita, mhandisi wa Katanga

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 mwezi wa tano mwaka wa 1914, wakati mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa daktari, akafa katika vita ya kwanza ya dunia, na mtoto hakupata nafasi ya kumjua. Mama yake alimlea peke yake, wakihama kutoka nchi moja hadi nyingine, mpaka walipofika Ubelgiji mwaka wa 1921. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa wakimbizi. Alipata uraia wa Ubelgiji mwaka wa 1936, na wa Ufaransa baadaye sana, mwaka wa 1971.

Alisoma kilimo huko Gembloux, akamaliza mwaka wa 1938. Vita ya pili ilipokuja aliingia katika upinzani dhidi ya Wajerumani, na papo hapo akaendelea kusoma mambo ya mawe na migodi katika chuo kikuu cha Liège, alikopata shahada mwaka wa 1944. Alikuwa pia mwanamichezo, mtu wa ngumi na wa rugby. Mwili huo wenye nguvu ungemsaidia baadaye katika milima ya moto.

Vita ilipokwisha, alikuja Kongo ya Wabelgiji na kufanya kazi kwenye migodi ya bati hapa Katanga. Watu wa Mitwaba wanajua madini hayo ni nini. Ni kasiterite, lile jiwe jeusi na zito ambalo wachimbaji wa mkono wanalitoa hadi leo na kulipima kwa kilo. Milima ya Kibara, inayopita kwetu, ndiyo iliyowapa wataalamu wa dunia nzima jina la ukanda mzima wa mawe ya zamani unaoanzia Katanga na kupanda Kivu, Rwanda, Burundi hadi Uganda. Wanauita ukanda wa Kibara. Bati la huku limetoka katika mawe ya moto yaliyoganda chini ya ardhi karibu miaka bilioni moja iliyopita.

Kwa hiyo mtu ambaye angekuwa bingwa wa volkano alianza kwa kupima moto uliokwisha kupoa zamani sana. Haukupita muda mrefu akakutana na ule ulio hai.

Kituro, mwaka wa 1948

Kutoka migodi ya Katanga, Tazieff aliingia katika Huduma ya jiolojia ya koloni na kutumwa Kivu. Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka wa 1948, ardhi ilipasuka kaskazini ya ziwa Kivu, pembeni ya mlima Nyamulagira. Tundu jipya lililozaliwa hapo liliitwa Kituro. Tazieff, akiwa na miaka 33, alitumwa kwenda kutazama. Alikuwa hajawahi kuona volkano ikilipuka.

Alikwenda karibu sana, mpaka ukingoni mwa tundu, huku mawe yenye moto yakianguka pande zote. Kilichomshika hapo hakikumwachilia tena. Mwaka wa 1951 alitoa kitabu, Cratères en feu, kilichosomwa katika lugha nyingi. Mwaka wa 1959 ikafuata filamu yake Les Rendez-vous du diable, iliyoonyesha volkano za nchi mbalimbali. Tangu hapo sura yake ilijulikana Ulaya nzima.

Katika mwaka huohuo wa 1948 alipanda pia Nyiragongo, mlima wa mita karibu 3,470 unaousimamia mji wa Goma. Ndani ya shimo la mlima aliona jambo ambalo wataalamu wa wakati ule hawakuwa wamelithibitisha: ziwa la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayochemka mchana na usiku kama uji juu ya moto, bila kuganda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi na kikundi cha wanasayansi, wakashuka ndani kwa kamba ili kupima joto na gesi.

Wenyeji wa Kivu hawakumngoja Tazieff ili wajue kwamba Nyiragongo una moto. Mwanga mwekundu wa usiku waliuona tangu zamani za mababu, na habari za milima hiyo walikuwa nazo wao wenyewe. Alichoongeza yeye ni vipimo. Pia alipata somo moja alilolishikilia maisha yote: mtaalamu wa volkano anatakiwa kwenda mlimani, akae, atazame na kupima. Aliyebaki ofisini akisoma karatasi hakumpa heshima kubwa. Somo hilo lilimpa nguvu, na baadaye likamletea taabu.

Guadeloupe: amri ya kuhama

Guadeloupe ni kisiwa cha Ufaransa katika bahari ya Karibi, na wengi wa watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Upande mmoja wa kisiwa unasimama mlima wa moto unaoitwa La Soufrière. Chini yake uko mji wa Basse-Terre, makao ya utawala.

Tarehe 8 mwezi wa saba mwaka wa 1976, mlima ulipasuka na kutupa vumbi na mawe. Watu walikimbia. Tazieff, wakati huo mkuu wa huduma ya volkano katika Taasisi ya Fizikia ya Dunia ya Paris, alifika kutazama. Alichosema kilikuwa wazi: huu ni mlipuko wa mvuke. Maji ya mvua yaliyo ndani ya mlima yamepata joto, yakawa mvuke, na mvuke umetupa mawe ya zamani, kama sufuria iliyofunikwa sana inavyorusha kifuniko chake. Lava mpya haijapanda. Mlima unaweza kumuumiza aliye juu yake, lakini hauwezi kuua mji ulio chini. Baada ya kusema hayo aliondoka kisiwani kwa safari nyingine ya kazi.

Mlima haukutulia. Matetemeko yaliongezeka. Wataalamu wengine waliobaki walichunguza vumbi, na mmoja wao, profesa Robert Brousse, akasema ameona ndani yake vipande vya kioo kipya, dalili kwamba lava mpya inapanda. Kama ilikuwa kweli, kungeweza kutokea wingu la moto kama lile la Martinique, kisiwa cha jirani. Huko, tarehe 8 mwezi wa tano mwaka wa 1902, mlima Pelée uliua watu wapatao 28,000 wa mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache. Dalili zilikuwa zimeonekana kwa majuma kadhaa, lakini wakubwa hawakuuhamisha mji. Katika visiwa vile hakuna aliyesahau.

Prefe, mwakilishi wa serikali ya Paris, alikuwa na sauti mbili masikioni na Saint-Pierre moyoni. Tarehe 15 mwezi wa nane alitoa amri: watu zaidi ya 70,000 waondoke.

Walioishi katika kambi wanajua sura inayofuata bila kuambiwa. Watu walipelekwa upande wa pili wa kisiwa, wakalala mashuleni na katika nyumba za ndugu. Watoto waliokuja na wenyeji wa kule walilazimika kugawana madarasa. Migomba ilibaki bila mtu wa kuikata, wanyama bila mwenye kuwalisha. Biashara za Basse-Terre zilihamia Pointe-à-Pitre, na nyingine hazikurudi tena hata baada ya watu kurudi. Mlima haukuua mtu hata mmoja, lakini kuhama peke yake kulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na mwenye shamba na mwenye duka.

Tazieff alirudi akiwa amekasirika. Alisema waziwazi, magazetini na kwenye televisheni, kwamba amri ile haikuwa na msingi. Mkubwa wake wa Paris, Claude Allègre, mkurugenzi wa taasisi, alikuwa upande wa wale waliotaka tahadhari. Tarehe 30 mwezi wa nane, Tazieff na Allègre walipanda mlima pamoja na wenzao. Walipokuwa juu, mlima ulilipuka. Mawe makubwa yaliwaangukia, wengine wakaumia, na wote walikuwa karibu kufa.

Tukio hilo moja lilisomwa kwa namna mbili. Allègre aliona: unasema hakuna hatari, na tumeponea chupuchupu. Tazieff aliona: nilisema hatari iko juu ya mlima, na juu ya mlima ndipo tulipopigwa, wala si mjini. Ugomvi haukuisha. Kabla ya mwaka kwisha Tazieff aliondolewa kwenye uongozi wa huduma ya volkano.

Mtu wa tatu: Frank Press

Serikali ya Ufaransa ilipoona wataalamu wake wanatukanana, iliita wengine kutoka nje. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1976, kamati ya wanasayansi wa nchi mbalimbali ilikutana Paris. Aliyeiongoza alikuwa Mmarekani, Frank Press.

Press alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1924. Kazi yake ilikuwa fizikia ya dunia, hasa mawimbi ya matetemeko yanayopita ndani ya ardhi. Pamoja na mwalimu wake Maurice Ewing alitengeneza mashine ya kupima mawimbi marefu, iliyowekwa katika vituo vingi duniani. Mashine za namna hiyo zilikuwa na kazi ya siasa pia. Nchi moja ikilipua bomu la nyuklia chini ya ardhi, ardhi inatetemeka, na mtaalamu anaweza kulitofautisha na tetemeko la kawaida. Ndiyo sababu marais walitaka kumsikiliza mtu kama Press.

Tabia yake ilikuwa kinyume cha ile ya Tazieff. Hakupigana magazetini. Kamati yake ilisikiliza pande zote, ikatazama vipimo, ikaona ushahidi wa lava mpya ni dhaifu na uwezekano wa mlipuko mkubwa ni mdogo. Ikaomba mlima uendelee kupimwa kwa vyombo bora zaidi. Amri ya kuhama iliondolewa tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili. Vile vipande vya kioo, vilipochunguzwa tena, vilionekana ni vya mawe ya zamani.

Mwaka uliofuata, 1977, Rais Jimmy Carter alimchukua Press kuwa mshauri wake wa sayansi. Alikaa kando ya rais hadi 1981, kisha akaongoza Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani hadi 1993. Mwaka wa 1984 alitoa wazo kwamba mataifa yote yafanye kazi kwa miaka kumi pamoja ili kupunguza vifo vya majanga ya asili. Umoja wa Mataifa ulikubali, na miaka ya 1990 ikatengwa kwa kazi hiyo. Press alikufa mwaka wa 2020.

Kuhusu mlima wenyewe, Tazieff ndiye aliyeona sawa. Lakini neno lililowarudisha watu nyumbani lilitoka kwa kamati iliyosema kwa utulivu ni kitu gani kinajulikana na kitu gani hakijulikani. Prefe hakuwa na namna ya kujua nani kati ya wagombanaji wawili ana haki. Mshauri mwenye haki anayepiga kelele na mshauri mwenye kosa anayepiga kelele wanasikika sawasawa.

Nyiragongo inajibu

Wiki chache baadaye, tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 1977, mlima ambao Tazieff aliujua kuliko wote ulifungua pembe zake. Lile ziwa la lava aliloliona mwaka wa 1948 lilitoka lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya milima mingine mingi, na ule mteremko mkali uliipa mbio ambayo mtu hawezi kuishinda kwa miguu. Vijiji vilivyokuwa njiani viliteketea. Serikali ya Zaïre ilihesabu watu wapatao 70 waliokufa, na wengine walisema ni mamia. Lava ilisimama kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Goma.

Tazieff aliandika uchunguzi wake juu ya mlipuko huo, akauita wa ajabu. Ukiweka matukio hayo mawili pamoja, somo ni gumu. Guadeloupe watu walihamishwa na hakuna kilichokuja. Kivu hakuna aliyehamishwa, na moto ulikuja bila kubisha hodi. Kisiwa kilikuwa na mashine, maprofesa na magazeti. Mlima wa Kivu, uliokuwa hatari zaidi, ulikuwa na vyombo vichache mno na wakaaji wengi wasioulizwa.

Ofisi ya Paris

Mwaka wa 1981 François Mitterrand alikuwa Rais wa Ufaransa, na serikali mpya ikamweka Tazieff kuwa kamishna wa kuchunguza na kuzuia majanga ya asili. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya kupinga amri ya serikali sasa aliingia ndani ya serikali. Mwaka wa 1984 alipanda cheo, akawa katibu wa serikali mwenye kazi ya kuzuia hatari kubwa, za asili na za viwanda, katika serikali ya Laurent Fabius. Alikaa hadi 1986.

Kazi ya ofisi haipendezi kama kushuka kwa kamba katika shimo la moto, lakini hapo ndipo penye faida kwa raia wa kawaida. Tarehe 13 mwezi wa saba mwaka wa 1982, bunge la Ufaransa lilipitisha sheria kuhusu watu wanaopatwa na majanga ya asili. Sheria hiyo ilifanya mambo mawili.

La kwanza: kila mwenye bima ya nyumba au gari anatoa kiasi kidogo cha ziada. Serikali ikitangaza kwamba mafuriko au tetemeko ni janga la asili, waliopoteza mali wanalipwa. Aliye juu ya mlima, asiyefikiwa na mafuriko, anachangia kwa ajili ya aliye kando ya mto.

La pili: serikali ichore ramani za sehemu za hatari, kila mahali, na ionyeshe pale ambapo haifai kujenga. Ramani inakuja kabla ya janga, wakati watu bado wana nafasi ya kuchagua.

Alipokuwa serikalini, dunia iliona matokeo ya ramani isiyofuatwa. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1985, volkano Nevado del Ruiz ya Kolombia iliyeyusha barafu iliyokuwa kileleni. Tope likashuka na kufunika mji wa Armero. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Wataalamu walikuwa wamechora ramani majuma machache mbele, na Armero ilikuwa ndani ya sehemu ya hatari. Mji haukuhamishwa. Kwa hiyo mtu yeyote anayesema kwamba Guadeloupe inafundisha tusiwaamini wanaotuambia tuhame, Armero inamjibu.

Pale alipokosea

Watu wengi waliompenda Tazieff walimsikiliza kama nabii. Hakuwa nabii. Mwezi wa nane mwaka wa 1986, gesi ilitoka ziwa Nyos la Kamerun na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku, pamoja na ng'ombe wao. Tazieff alishikilia kwamba ilikuwa pigo la volkano. Wataalamu wengine walionyesha kwamba gesi ilikuwa imejilimbikiza taratibu katika maji ya chini ya ziwa, kisha maji yakapinduka, na maelezo yao ndiyo yaliyopata nguvu. Baadaye mabomba yaliwekwa Nyos ili kutoa gesi hiyo kidogo kidogo. Jambo hilo linawahusu Wakongomani moja kwa moja, kwa sababu ziwa Kivu pia lina gesi nyingi sana chini yake.

Vilevile, alipokuwa mzee, alipinga wanasayansi waliosema kwamba gesi za viwanda na za friji zinatoboa tabaka la ozoni linalolinda dunia na jua. Katika hilo pia walikuwa sawa wao. Ujuzi wa volkano haukumpa ujuzi wa kila kitu, na sauti iliyozoea kuaminiwa ilikwenda mbali kuliko vipimo vyake.

Alikufa Paris tarehe 2 mwezi wa pili mwaka wa 1998, akiwa na miaka 83. Claude Allègre, aliyemwondoa mwaka wa 1976, alikuwa wakati huo waziri wa elimu na utafiti wa Ufaransa.

Goma, 2002 na 2021

Miaka minne baada ya kifo chake, tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, Nyiragongo ulipasuka tena. Safari hii lava ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kuelekea Gisenyi.

Safari hii kulikuwa na aliyesema. Dieudonné Wafula, mtaalamu wa Kikongomani wa kituo cha volkano cha Goma, alikuwa ameona dalili na kutoa habari siku kadhaa mbele, akiwa na vyombo vichache, katika mji ulioshikwa na waasi. Alikuwa mlimani, alipima, alisema, kama Tazieff alivyofundisha. Kilichokosekana ni serikali ya kumsikiliza. Baada ya janga, misaada ya nje ilifika na kituo kikapata mashine.

Misaada hupita. Mwaka wa 2020 fedha za Benki ya Dunia kwa kituo zilikwisha, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea vipimo. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021, Jumamosi jioni, mlima ulilipuka bila tangazo lolote. Watu wapatao 30 walikufa. Matetemeko yaliendelea usiku na mchana, na wataalamu waliona dalili kwamba lava iko chini ya mji na chini ya ziwa. Tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 ya Goma ihame.

Watu karibu 400,000 waliondoka, kwenda Sake, Rutshuru, Minova na Rwanda. Walilala makanisani, mashuleni, na wengine kando ya barabara wakinywa maji ya ziwa. Mlipuko wa pili haukuja. Mwezi wa sita wakaruhusiwa kurudi, na wengine walikuta nyumba zao zimeibwa. Maneno yaliyosemwa Goma siku hizo yalifanana na ya Basse-Terre ya 1976: walitudanganya, tungekaa tu. Lakini gavana yule, kama prefe yule, hakuwa na njia ya kujua kesho. Alikuwa na wataalamu waliomwambia hatari ni ya kweli na haina hakika.

Maswali ya kumuuliza anayesema "hameni"

Huku kwetu hakuna volkano. Hata hivyo ardhi si ya kuaminiwa kabisa: mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, na bonde la Upemba, jirani yetu, nalo ni sehemu ya nyufa zilezile za Afrika. Mito inajaa maji. Mashimo ya wachimbaji yanaporomoka. Na vita havijasahau njia ya Mitwaba.

Kwa hiyo historia ya Tazieff haikubaki Ufaransa. Inaonyesha kwamba familia inayoambiwa ihame ina haki ya kuuliza, na mkubwa anayeamuru ana deni la kujibu. Nini kimeonekana, na nani amekiona kwa macho yake? Wataalamu wanakubaliana, au wanagombana? Tunakwenda wapi, na huko tutakula nini? Nani atalinda nyumba na mashamba? Baada ya siku ngapi mtakaa tena na kutazama kama amri bado ina sababu?

Guadeloupe ilijibu maswali mengine na kusahau mengine. Goma ya 2021 ilijibu la kwanza peke yake. Katika kambi za Mitwaba za mwaka wa 2006, hakukuwa hata na wa kuulizwa.

Mtaalamu anaweza kukosea juu ya mlima, kama Tazieff alivyokosea juu ya ziwa, na watu wakamsamehe. Kuwapeleka watu 70,000 au 400,000 njiani bila maji, bila ulinzi na bila siku ya kuangalia upya ni kosa la namna nyingine, kwa sababu kulizuia hakuhitaji kujua volkano. Kunahitaji malori, mahema, unga, na mkubwa anayekubali kwamba waliohama ni watu wenye shamba, duka na darasa la watoto, na kwamba kila siku ya kukaa mbali inawagharimu.